Dakika Saba za Kumsemea Veronika

Jumapili, Mwembesongo. Rasharasha tangu asubuhi, na milima imejifunika wingu mpaka chini.

Sijatoka leo. Nguo za jana bado ziko kwenye beseni, zina tope la Mgeta mpaka magotini, na mama amepita mara mbili akiziangalia bila kusema kitu. Mama akinyamaza namna hiyo, ujue ana la kusema.

Wiki tatu sijaandika hapa. Wachache mnaonisoma mlinitumia pongezi baada ya safari, kisha mkauliza mbona kimya. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta namna ya kulieleza jambo hili ambayo itaniacha nionekane mtu mwema. Sijaipata.

Kwa hiyo naandika hivi hivi.

Kwa asiyenijua: naitwa Zuhura, ni msaidizi wa kisheria katika kikundi kidogo cha wanawake hapa mjini. Mwaka wa kumi na moja huu. Wanaokuja kwetu ni wenye migogoro ya mirathi, ndoa na mashamba. Ofisi yetu ni chumba kimoja nyuma ya duka la nafaka, chenye viti vya plastiki na pazia la kanga linalotenga kona ya kuzungumzia mambo ya siri.

Kwenye kona ile ndipo nilipomjua mwanamke nitakayemwita Veronika. Si jina lake. Kijiji chake pia sitakitaja, nitasema tu ni juu kabisa, Mgeta, kule ambako karoti zinaoshwa mtoni na kupakiwa kwenye malori ya Dar. Majina yote ya huko juu nimeyabadilisha. Hilo nimejifunza, ila nimejifunza kwa kuchelewa.

Alikuja miaka miwili iliyopita, mwanamke wa makamo, mrefu, na kiroba cha njegere kichwani. Kabla hajasema shida yake alitugawia njegere wote tuliokuwepo. Halafu akakaa, akasema, "Kaka yangu anauza shamba la mama."

Hapa lazima nieleze kidogo, maana ndipo uongo wangu ulipoanzia. Sisi Waluguru ukoo unapita kwa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo anailima kwa sababu hiyo. Shamba lile bibi yake Veronika alililima, mama yake akalilima, na yeye amelilima tangu akiwa msichana: karoti, kabichi, njegere, ngazi kwa ngazi kwenye mteremko ambao mtu wa bondeni akiutazama anapata kizunguzungu. Kaka yake, Gaspari, kama mjomba wa watoto wa ukoo, kazi yake ni kuiangalia ardhi ile. Kuiangalia tu. Lakini alitokea mtu kutoka Dar anayetaka kujenga nyumba ya wageni penye ubaridi na mandhari nzuri, na Gaspari akaanza kuzungumza kama mwenye mali.

Kwa hiyo mila ilikuwa upande wa Veronika. Sheria ya nchi ilikuwa upande wake. Na wazee wanawake wa ukoo wao, wakiongozwa na Bibi Koleta, dada mkubwa wa marehemu mama yake, walikuwa upande wake. Bibi Koleta alikubali kushuka mpaka kwenye baraza la kata kutoa ushahidi, yeye na wenzake wawili. Hao bibi watatu ndio walikuwa kesi yetu. Bila wao tulikuwa na maneno ya dada dhidi ya maneno ya kaka.

Katika miaka hiyo miwili Veronika akawa mtu wa kwetu. Akishuka mjini analala hapa nyumbani. Alfajiri nikiamka namkuta mama kwenye mswala, Veronika pembeni na rozari yake, kila mmoja na sala yake, halafu wote wawili jikoni wakibishana kuhusu chumvi. Aliniita mdogo wangu. Mimi sina dada.

Na siku moja nyuma ya pazia lile la kanga alinieleza jambo ambalo kaka yake alimtendea. Hakumwambia padri, hakumwambia binti yake, hakumwambia Bibi Koleta. Alipomaliza alifunga vifungo vya blauzi yake, akaniambia, "Hili liishie hapa, Zuhura. Nataka shamba. Sitaki huruma."

Nikamjibu, "Litaishia hapa, dada."

Mwaka huu ukaja mwaliko. Mkutano mkubwa wa wanawake wa dunia, mji wa mbali, nje ya nchi. Walitaka mtu wa ngazi ya chini, siyo viongozi tuliozoea kuwaona. Kikundi kikanichagua mimi. Mama alinishonea gauni. Majirani waliniaga utadhani nakwenda Hijja.

Niliandika hotuba yangu mwenyewe, kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza changu. Nilikuwa na jambo la kusema. Nilitaka kusema kwamba kuna wanawake milimani kwetu ambao mila iliwapa ardhi, na leo wanaipoteza si kwa sababu ya mila, bali kwa sababu ardhi imegeuzwa bidhaa na wanunuzi wanatoka mbali. Nilitaka kuwauliza waliokaa kwenye viti vile vya mbele, wanaosaini mikataba ya uwekezaji na kesho yake wanasaini maazimio ya haki za wanawake, kama huwa wanasoma karatasi zote mbili kwa pamoja.

Binti mmoja wa maandalizi, mpole sana, alinipigia kwa video kuipitia. Alisema ni nzuri, ila ina mambo mengi, watu watachanganyikiwa. Nina dakika saba tu. Akaniomba nianze na mtu. Mwanamke mmoja. Alipitia nini? Nani alimzuia? Nikamweleza habari za Veronika. Akauliza, "Kwa hiyo mila haimruhusu mwanamke kumiliki ardhi?" Nikaanza kueleza habari za ukoo wa mama. Nikaona macho yake yanahama, anaangalia saa pembeni ya kioo.

Nikasema, "Ndiyo. Kwa kiasi fulani."

Hakunilazimisha. Nataka hilo lieleweke. Ni rahisi mno kwangu kukaa hapa na kusema Wazungu walinigeuzia maneno. Walinionyesha mlango, nikapita kwa miguu yangu.

Wakaomba picha. Nilikuwa nayo moja, Veronika amesimama shambani kwake, jembe begani, anacheka. Niliipiga mimi. Nikaituma.

Siku yenyewe ukumbi ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sikuona ulikoishia. Kabla yangu alizungumza mama mmoja kutoka nchi yenye vita. Nilitegemea atalia. Hakulia. Alisema, "Sikuja kuwasimulia yaliyonipata. Nimekuja kuuliza bunduki zilizotufikia zimetengenezwa na nani, na kwa nini aliyezitengeneza amekaa humu ndani kama mpatanishi." Alitaja vifungu vya mikataba, kimoja baada ya kingine, kwa sauti ya mwalimu wa hesabu. Watu walipiga makofi ya adabu. Wengine walikuwa kwenye simu zao. Nilimwona akishuka jukwaani, uso wake mkavu, na ndani yangu nikajiambia, huyu angesimulia kidogo angewagusa.

Nilijiambia hivyo kweli.

Halafu nikapanda mimi. Picha ya Veronika ikatokea nyuma yangu, kubwa kama ukuta wa nyumba. Nikasema kwetu mila haimtambui mwanamke kwenye ardhi. Nikasema ukoo ulimtenga. Niliona watu wananitazama, simu zimeshuka, na utamu wa kutazamwa ukanipanda kichwani. Lililofuata halikuwa kwenye karatasi, hakuna aliyeniomba, binti wa maandalizi hakuwa anajua lolote. Nikawaambia na lile la nyuma ya pazia.

Lote.

Walisimama. Ukumbi mzima. Mwanamke mmoja mtu mzima alinikumbatia akilia, akaniambia mimi ni jasiri.

Na nilifurahi. Naweza kuficha mengine yote, lakini siku ile nilirudi hotelini nikiwa na furaha kuliko siku nyingi za maisha yangu.

Video ilinitangulia kurudi. Mtu aliikata, akaweka tafsiri ya Kiswahili chini, ikaingia kwenye makundi ya WhatsApp, kutoka Dar mpaka Morogoro, kutoka Morogoro mpaka kwenye simu za vijana wanaopakia karoti Mgeta. Sijui ilichukua siku ngapi. Najua tu kwamba niliposhuka kwenye basi hapa Morogoro na gauni langu la mkutano kwenye begi, mama hakuja kunipokea.

Nilimkuta sebuleni. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akauliza, "Kiwanja cha nyumba hii nilipewa na nani?"

Najua jibu tangu utoto. Alipewa na mama yake, aliyekinunua kwa mahindi ya shamba la ukoo huko Matombo, shamba alilopewa na mama yake.

"Na wewe ndiye uliyekwenda kusema hatupewi," akasema. Hakupandisha sauti. Akaenda kuswali.

Ya Mgeta yalikuwa mabaya zaidi. Bibi Koleta alionyeshwa ile video na mjukuu wake. Akawaita wenzake wawili. Wanawake waliokuwa tayari kushuka mlima kwa miguu yao mibovu kumtetea Veronika waliona picha ya Veronika mbele ya dunia, na maneno kwamba ukoo wao unamnyima mwanamke ardhi. Walidhani yeye ndiye aliyenituma. Nani angedhani vinginevyo?

Wakakataa kutoa ushahidi.

Na lile jambo la siri sasa likawa la kijiji kizima. Kisimani, kanisani, kwenye mzani wa karoti. Watu waliokuwa wanamsalimia Veronika kama mkulima sasa walimsalimia kwa kuinamisha vichwa, kama mgonjwa. Gaspari hakujificha, alitembea kijijini akisema amechafuliwa jina na mashirika ya mjini, na wapo waliomwonea huruma yeye. Siku ya baraza ilipofika Veronika alishuka peke yake, akaomba kuiondoa kesi. Sikuwepo. Hakuniambia siku yenyewe. Niliisikia kwa mwenzangu wa ofisini.

Shamba limeuzwa.

Jana nikapanda mlimani. Nilipata lifti kwenye lori lililokuwa linarudi tupu kutoka sokoni, halafu nikamalizia kwa mguu, saa nzima ya kuteleza. Nilianza kwa Bibi Koleta, kwa sababu nilimwogopa zaidi. Nilimkuta anachambua maharage kwenye ungo mlangoni kwake. Nikapiga magoti palepale kwenye tope.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye yule wa kwenye simu?"

"Ndiye mimi, bibi. Nimekuja kusema kwamba Veronika hakunituma. Yale maneno ni yangu. Na kuhusu ukoo, nilisema uongo."

Aliendelea kuchambua. Mabovu huku, mazima huku.

"Wewe mwenyewe mtu wa wapi?"

"Mama yangu wa Matombo, bibi."

"Mluguru."

"Ndiyo, bibi."

Hapo ndipo mikono yake ilipotulia. "Mzungu angesema hivyo ningemsamehe," akasema. "Hajui. Wewe ulikuwa unajua."

Nikamsihi arudi barazani, kesi inaweza kufunguliwa upya, nitaandika mimi, nitasimama mimi na kukiri. Akaniambia yeye na wenzake wameshakaa na Veronika, wameshalia naye, wameshayamaliza. Wanajua hakutuma mtu. Lakini Veronika mwenyewe hataki tena. "Kila akisimama mbele za watu anahisi yuko uchi," akasema bibi. "Nani amemvua?"

Alinionyesha njia kwa kidole.

Veronika nilimkuta anapanda karoti kwenye kipande cha jirani, cha kulima kwa msimu. Mteremko mmoja tu kutoka shambani kwake. Kutoka pale unaliona vizuri: ngazi tatu za juu zimeshachongwa na kusawazishwa kwa ajili ya msingi, udongo umetapakaa, na kabichi zake zimelala chini yake.

Aliniona tangu mbali, maana njia ile unaonekana mpaka utakapofika. Hakuacha kupanda. Nilipofika nikasimama pembeni ya tuta na viatu mkononi.

"Pole na kazi, dada."

"Pole na safari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa. Sikujiandaa kwa adabu.

Nilisema yote niliyokuja kusema. Nilisema nimewaandikia waandaaji waiondoe video na picha, waandike kwamba niliyosema kuhusu mila zetu si kweli. Nilisema nitakwenda kwenye mkutano wa kijiji nikiri. Nilisema nisamehe. Nililia, na nilipokuwa nalia nikakumbuka kwamba alisema hataki huruma, na mimi nilikuwa nimesimama kwenye tuta lake nikimwomba anionee huruma mimi.

Alifukia mbegu mpaka mwisho wa mstari. Kisha akasimama, mkono kiunoni, akaniuliza jambo moja.

"Wale watu. Walipopiga makofi. Walimpigia nani?"

Nikafungua mdomo niseme walikupigia wewe. Sikuweza.

"Mimi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa nalo tayari. "Nilidhani labda walinipigia mimi," akasema. "Ningejisikia vizuri kidogo."

Nilimwambia kuhusu blogu hii. Nilimwambia nataka kuandika ukweli, nikamwomba ruhusa. Nadhani ni mara ya kwanza katika jambo hili lote kumwomba ruhusa. Alifikiri, akasema, "Andika ya kwako. Ya kwangu niachie."

Kwa hiyo alichonieleza nyuma ya pazia hakimo humu. Na mkikiona kwingine, msikisambaze. Sina haki ya kuwaomba hilo, lakini nawaomba.

Nilipoanza kushuka hakunisindikiza. Kwa kawaida alikuwa ananisindikiza mpaka daraja la miti, ananijazia mfuko, ananitukana kwa viatu vyangu vya mjini. Nilipofika kwenye kona niligeuka. Alikuwa ameinama, ameanza mstari mwingine.

Sasa ni saa kumi jioni, mvua imezidi kidogo. Mchana nimepata majibu ya waandaaji. Wameandika kwa heshima sana. Wanasema wamesikitika. Wanasema video imo kwenye kumbukumbu rasmi za mkutano na kuiondoa ni mchakato, ila wanaweza kuufifisha uso. Halafu, aya ya mwisho: mwakani wanaandaa kikao kuhusu namna ya kusimulia habari za wanawake kwa kuheshimu utu wao, na wameona uzoefu wangu ungewafundisha wengi. Je, naweza kuja? Na je, Veronika mwenyewe angependa kuja kusimulia?

Nimeisoma mara nne.

Si watu wabaya. Binti yule mpole ndiye aliyeandika, na naamini alikuwa na machozi wakati anaandika. Ndiyo maana inanikata maini. Kama wangekuwa wabaya ningewachukia, nikalala. Bado naamini wanawake wa dunia hii lazima wakutane chumba kimoja wakapange mambo, maana wanaotuuza wanakutana kila siku. Sijaacha kuamini. Lakini nimekwishaona jinsi mtu anavyoweza kuingia kwenye chumba hicho na mwenzake mgongoni na kutoka peke yake.

Nimejibu hapana. Nimewaandikia tena niliyotaka kusema mwanzo, yale ya karatasi mbili, bila jina la mtu yeyote, bila picha. Nimewaambia hiyo ndiyo hotuba yangu, na kama ina mambo mengi, wakae nayo. Jumatano nakwenda kwenye mkutano wa kijiji kukiri, Veronika akitaka asitake kuniona, maana ile sehemu ni ya kwangu na hakunikataza.

Nilitaka ajue hayo. Sikutaka shukrani. Au labda nilitaka, sijui tena nataka nini. Nusu saa iliyopita nikampigia.

Akapokea Anna, binti yake.

"Shikamoo, mama mdogo."

Bado ananiita mama mdogo. "Marahaba, mwanangu. Mama yupo?"

Nikasikia mvua kwenye bati lao, nzito kuliko ya huku. Nikasikia kikohozi ninachokijua. Halafu, karibu kabisa na simu, kwa sauti ya chini, sauti iliyoniita mdogo wangu miaka miwili:

"Mwambie sipo."

"Mama hayupo," akasema Anna.

Nikasema, "Haya, mwanangu. Msalimie akirudi."